Bandari Tatu, Mashoga Watatu



Sisi tunaoandika haya ni watatu. Mmoja yuko Unguja, mmoja Mombasa, mmoja Muscat. Zamani tulikuwa wanne, dawati moja skuli, Mjini, mpaka tulipomaliza mwaka 1989. Baada ya hapo harusi zikatugawa. Wa kwanza akachukuliwa Mombasa, wa pili Muscat, wa tatu Uingereza, na wa nne akaolewa mtaa wa pili kutoka kwao, mpaka leo akipika biriani mama yake anasikia harufu. Siku za hina zetu tuliambiwa mengi: habari za mume, za wakwe, za jiko na za usafi. Habari ya shoga hakuna aliyetuambia. Hakuna aliyesema kwamba hapa mlipokaa mkeka mmoja mnacheka, itapita miaka thelathini na zaidi hamjakaa tena hivi.

Huyu wa Uingereza ndiye tunayetaka kukuhadithieni, naye ametupa ruhusa, kwa sharti tusitie jina wala sura yake.

Mumewe alifariki, Allah amrehemu na amsamehe. Eda yake, miezi minne na siku kumi, aliikalia katika mji mdogo wenye Waislamu wa kuhesabu, nyumba yenye ngazi ndefu, wanawe wawili wa kiume wanatoka asubuhi na kurudi usiku. Kwetu mjane hakai peke yake. Nyumba hujaa: huyu kaleta uji, huyu anafagia uwani, huyu kaja kulala tu ili mwenye msiba asikie mtu akikohoa usiku. Yeye hakuwa na haya. Alikuwa na simu. Basi tukagawana siku, kila mmoja na usiku wake, tunampigia baada ya Isha ya kwao, ambayo wakati wa joto huingia karibu na saa tano usiku, na huku kwetu watu wamekwishalala. Mara nyingi hatukuzungumza kitu. Simu iko wazi, yeye anafua chai yake kule, sisi tunachambua mchele wa kesho huku. Akipitiwa na usingizi tunasikia pumzi, tunakata.

Eda ilipomalizika akakaa kimya kama mwezi. Halafu akatutumia ratiba ya meli: inaondoka Dubai mwanzo wa Disemba, inapita Muscat, Salalah, Shelisheli, Mombasa, Zanzibar, kisha inateremka mpaka Cape Town. Chini yake aliandika, "Bandari tatu, mashoga watatu. Mnanitaka?"

Tuseme kweli, hatukujibu kwa sauti moja. Wa Muscat alijibu kwa swali: nani mahramu wako? Si swali la kulibeza. Hadithi za Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, zinazomkataza mwanamke kusafiri bila ya mahramu zimo katika Bukhari na Muslim, na wanavyuoni wengi wa madhehebu yetu ya Shafi wanazichukua kama zilivyo katika safari isiyokuwa ya faradhi. Wako pia wanaoangalia sababu ya katazo, yaani usalama wa mwanamke na heshima yake. Hawa hutaja hadithi ya Adiy bin Hatim, ya mwanamke atakayetoka Hira mpaka kwenye Kaaba bila ya kumuogopa yeyote ila Allah. Na mwaka 2022 Waziri wa Hija na Umra wa Saudi Arabia alitangaza kuwa mwanamke anaweza kwenda Hija au Umra bila ya mahramu kutoka pembe yoyote ya dunia. Tumeyaweka yote mbele yenu, fatwa hatutoi. Shoga yetu alimuuliza mwanachuoni anayemuamini, akamueleza hali yake yote, akafuata alichoambiwa. Mwanawe mkubwa alimsindikiza mpaka Dubai, akamuingiza chumbani, akaangalia kufuli ya mlango, ndipo akarudi. Wa Muscat mpaka leo anasema yeye asingekwenda. Lakini ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika getini siku meli ilipofunga gati.

Kuhusu meli zenyewe, kwa wale ambao waume watarajiwa wameshataja fungate ya baharini, tuseme machache. Vyumba vimepangiwa bei ya watu wawili. Ukiwa peke yako, mara nyingi unatozwa karibu na bei ya wote wawili. Wakala mmoja alimwambia hivyo bila ya haya, akamjibu, "Mwenzangu amekufa, na kitanda chake mnanilipisha?" Akatafuta kwengine, akapata chumba cha ndani kisicho na dirisha kwa nafuu kidogo. Chakula cha halali unatakiwa ukiombe mapema unapolipia, usingojee kufika mezani. Yeye alishikilia samaki, mayai, mboga na matunda, na akaridhika. Ulevi upo, kamari ipo, muziki upo, kama mji wowote wa kitalii. Ukitaka kuviepuka unaviepuka, maana meli ni kubwa na kitabu chako unaweza kukisomea upande wa pili wa sitaha.

Sala ndiyo iliyomfurahisha kutuhadithia. Chumbani mna televisheni inayoonesha ramani ya bahari na meli ilipo na inakoelekea. Kwa hiyo kila wakati wa sala aliangalia ramani kwanza, halafu dira ya simu, halafu akageuza mswala wake. Muscat kibla kilikuwa magharibi. Katikati ya bahari, upande wa Shelisheli, kikawa kaskazini magharibi. Kila siku mswala unajisogeza kidogo, anasema, mpaka alipofika Mombasa ukawa umeelekea kaskazini sawasawa, kama ulivyokuwa chumbani kwa mama yake. Sisi wa pwani kibla na kaskazini tumezoea kuviita jina moja, wala hatufikirii kwa nini. Yeye alikiona kibla kinarudi mahali pake kidogo kidogo, usiku baada ya usiku. Sala za rakaa nne alizipunguza, na bahari ilipochafuka karibu na Salalah akaogopa kizunguzungu, alisali amekaa.

Muscat. Meli hufunga gati Mutrah, kwenye Bandari ya Sultan Qaboos. Mizigo ya biashara ilihamishiwa Sohar mwaka 2014, kwa hiyo ukishuka huoni makontena, unaona milima mikavu, ngome, na nyumba nyeupe zilizopangana kando ya maji. Ndani ya bandari abiria haruhusiwi kutembea kwa miguu, linakuja basi linawapeleka mpaka getini. Mwenzetu alikuwa pale tangu saa moja asubuhi, na chupa ya chai ya maziwa mkononi, kana kwamba anamtembelea mgonjwa. Anasema watu wengi walishuka kwenye basi wamevaa kofia za jua na kamera shingoni, kisha akashuka mwanamke mmoja mwembamba mwenye baibui, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Akadhani si yeye. Alikuwa amekonda kuliko picha zake.

Hawakwenda kutazama kasri wala makumbusho. Walipita souk ya Mutrah mapema, kwa sababu mchana maduka hufungwa na hayafunguliwi tena mpaka jioni, na jioni meli itakuwa imeondoka. Wakanunua ubani, udi, na halwa ya zafarani. Adhuhuri wakaisali Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, ukumbi wa wanawake. Msikiti huu ulifunguliwa mwaka 2001, na asubuhi huwa na wageni wengi wasio Waislamu, ila wakati wa sala unarudi kwa wenyewe. Baada ya hapo nyumbani, samaki wa nazi, wali, na majirani watatu wanaosema Kiswahili cha Mkunazini utafikiri hawajapanda ndege maishani. Akala sahani mbili. Wa Muscat akatuandikia usiku ule, "Amekula." Neno moja tu, na sote tukalielewa.

Tusiseme mengi ya Salalah. Hakuna shoga yetu Salalah, alishuka akanunua ubani wa hojari, ule mweupe wenye rangi ya kijani kwa mbali, akarudi melini. Na Shelisheli mvua ilinyesha.

Kilindini, Mombasa, mambo yalikuwa ya haraka na ya furaha. Mwenzetu wa huko alikuja na binti zake wawili na wajukuu, gari limejaa, mgeni akakalishwa mbele na mtoto mapajani. Wakafika Mji wa Kale, wakala mahamri kwa mbaazi, wakampitisha mgeni karibu na Fort Jesus, ile ngome ya Wareno ya mwaka 1593, ambayo aliitazama kwa dakika moja kisha akauliza Biashara Street iko upande gani. Alitumwa. Mtoto wa mwenzetu wa Unguja alikuwa anaolewa wiki ile ile, na kila bandari ilikuwa na mzigo wake: Oman ubani na udi, Mombasa leso. (Unguja tunasema kanga, Mombasa leso, na hili hatujawahi kukubaliana tangu mmoja wetu alipoolewa huko.) Kwa leso za kawaida walibishana juu ya majina ya kwenye pindo karibu saa nzima. Kwa bi harusi wakachukua kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo kwa kawaida haina maandishi, kwa hiyo haikuleta mjadala.

Bibi zetu wangeielewa safari hii kuliko sisi. Disemba ni msimu wa kaskazi, na kwa upepo huo huo majahazi yalikuwa yakiteremka kutoka Arabuni na tende, mazulia na masanduku, kisha yakingoja kusi yarudi na karafuu na boriti. Shoga yetu naye aliteremka na kaskazi, amebeba ubani.

Sasa Unguja, na hapa ndipo penye maneno.

Miaka ishirini nyuma, mwenzetu wa Unguja alipojifungua mtoto wa kike, alimpigia simu wa Uingereza akamwambia, "Huyu somo wake ni wewe." Ahadi za uzazi ni nyingi na nyingi husahauliwa. Hii haikusahauliwa. Lakini meli ilikuwa inaingia Jumanne saa mbili asubuhi, na abiria wa mwisho anatakiwa awe kwenye boti saa kumi na nusu alasiri. Hina ya bi harusi ilikuwa imepangwa Jumatano. Mama wa bi harusi akaivuta nyuma siku moja. Mashangazi wakanuna: ukumbi umeshasemwa, mpaka hina ameshaambiwa, watu wataitwa mara mbili, na yote haya kwa ajili ya mjane anayezunguka na meli peke yake? Hayo ndiyo maneno yaliyosemwa, hatukuyapamba. Mama akajibu kwamba ukumbi hauhitajiki, hina itapakwa nyumbani, barazani na chumbani, kama tulivyopakwa sisi.

Meli ilitia nanga nje, abiria wakaletwa kwa boti. Wenyeji hawaruhusiwi kupanda melini, hilo mlijue kama mnapanga kumpokea mtu, mnakutana nchi kavu. Alipokanyaga chini hakulia, alicheka. Alisema harufu ya karafuu na dagaa haijabadilika. Tukamchukua moja kwa moja nyumbani.

Alikaa na bi harusi chumbani, mlango umefungwa, zaidi ya saa mbili. Singo ilikuwa tayari, liwa, asumini, mawaridi, na ule udi wa Muscat ukafukizwa. Mama mtu hakuingia, ndiyo desturi, alibaki nje anapita mlangoni mara kwa mara na sinia lisilo na kitu. Aliyoambiwa bi harusi humo ndani ni siri yao. Ila jambo moja bi harusi mwenyewe ametuhadithia na ameruhusu liandikwe. Somo alimpa karatasi na kalamu, akamwambia aandike majina ya mashoga zake watatu, na mbele ya kila jina siku ya wiki. "Siku hiyo unampigia. Mumeo umwambie leo, kabla ya ndoa, kuwa siku hizo tatu baada ya Isha una nusu saa yako." Bi harusi akauliza, kama hakuna la kuzungumza? Akajibiwa, "Muache simu wazi."

Saa sita na nusu ikafika. Bibi wa bi harusi, ambaye umri wake umepita themanini, akatandika mkeka na kutusalisha sisi wanawake, amesimama kati katika safu yetu. Shoga yetu alikuwa anapunguza sala tangu Dubai, na kisharia hapa Unguja naye ni msafiri, makazi yake si haya tena. Lakini msafiri akimfuata mkaazi anatimiza. Akasali rakaa nne. Tulipotoa salamu alibaki amekaa muda mrefu, uso chini, bibi akamuwekea mkono gotini wala hakumuuliza kitu.

Kisha hina. Mpakaji alipomaliza mikono ya bi harusi, tukaanza kupakwa sisi. Shoga yetu akatazama kile kibakuli, akasema taratibu, "Nami nipake?" Barazani pakawa kimya. Mnajua wenyewe kwa nini. Kwetu hina ni ya mwenye mume. Shangazi mmoja akasema, kwa sauti ya kujisemea, kwamba kila kitu kina mahali pake. Kwa upande wa dini hapana neno: katika eda mjane hajipambi, hapaki hina wala manukato, na eda ikimalizika kizuizi kimeondoka. Mwenzetu wa Unguja akalisema hilo kwa adabu. Shangazi akajibu kwamba dini anaijua, yeye anazungumzia watu.

Bibi ndiye aliyekata shauri, na hakutoa hotuba. Aliliambia lile jopo zima, "Huyu nilimpaka mimi hina ya harusi yake. Lete." Akachukua koni kwa mpakaji, mkono unamtetemeka, akaanza kumpaka mwenyewe. Maua hayakunyooka. Kiganja cha kulia kilitoka kama ramani ya visiwa. Shangazi hakusema tena, lakini hakucheka pia, na hatutaki kukwambieni kwamba aliridhika, kwa sababu hakuridhika.

Tatizo likawa saa. Bibi alipaka polepole, na ilipofika saa tisa na nusu hina ilikuwa mbichi. Meli hazimngojei abiria aliyeshuka kwa mipango yake mwenyewe. Humngojea yule aliyetoka kwenye matembezi ya meli yenyewe, na sisi hatukuwa matembezi ya mtu yeyote. Tukamfunga mikono yote miwili kwa mifuko ya plastiki na mpira. Tukamvisha baibui, tukamfunga mtandio, tukamvisha viatu, kama mtoto anayepelekwa chuoni. Garini alikaa mikono juu. Bandarini mlinzi wa meli alitaka kadi yake, kadi imo kwenye mkoba, mkoba umo begani, na yeye hana vidole. Mmoja wetu akaitoa kwa ruhusa ya mlinzi akaiweka baina ya vidole viwili vya mfuko. Mlinzi akaitazama mikono ile, akauliza kama ameungua. Akasema, "Hapana, nimeolewa mtoto." Kiingereza chake kizuri siku zote, siku ile kilimpotea. Boti ikaondoka yeye amesimama, mikono imeinuliwa ndani ya mifuko, wala hakuweza kutupungia.

Ndoa ilifungwa Ijumaa baada ya sala. Wakati huo meli ilikuwa baharini, inaelekea Réunion, na intaneti ya melini ni ghali, alinunua ya siku moja tu. Tulimuonesha ndoa kwa simu kutoka kwenye dirisha la chumba cha wanawake. Picha ilikatika na kurudi, kukatika na kurudi, na bwana harusi alipofika kwenye kukubali, ikapotea kabisa. Usiku tukamtumia sauti tuliyorikodi. Alijibu baada ya saa mbili na picha ya kiganja chake juu ya mswala, hina imeshika mpaka imekuwa nyeusi, ile ramani ya visiwa ya bibi, na chini yake ameandika kwamba ameisikiliza mara nne, na kwamba usiku wa Ijumaa ni zamu ya Mombasa, amuache simu wazi.